Ringi

Kule Kipushi tulikuwa na ringi ya lori,
imetundikwa kwa waya wa mgodini karibu na choo cha walimu.
Mzee Sompwe aliigonga kwa boliti
nasi tukatii: kuingia, kutoka,
kunywa maji, kusali, kurudi nyumbani.
Miaka sita sikujiuliza ni saa ngapi.
Chuma kilijua.

Hapa Kasapa hakuna chuma.
Somo la saa mbili huanza saa nne, au haliji kabisa,
na mlangoni pamebandikwa karatasi
ambayo mvua imeshaisoma kabla yetu.

Nilikuwa wa kwanza. Acha niseme mara moja, niutue mzigo:
wa kwanza darasani, asilimia themanini na mbili,
mama prefe alinishika kidevu mbele ya shule nzima,
baba akachinja jogoo ambaye hakuwa wake.
Hapa tuko mia saba na ushei,
na wa kwanza wote, wa Likasi, wa Kambove, wa Kasenga,
wako chini sakafuni wakigombea matofali ya kukalia.

Langu lina ufa. Nimelifunika kwa sketi,
ile ya buluu ya shule, marinda kumi na mawili,
nimeikunja mara nne.
Zamani niliivaa. Sasa naikalia.

Profesa yuko mbali, mdogo kama njugu.
Kipaza sauti kinameza neno moja katika kila matatu.
Naandika: *Sheria ni . . . ambayo jamii . . . isipokuwa . . .*
Usiku, chumbani Kalubwe, kwa tochi ya simu,
naziba mashimo kwa kubahatisha,
kama mtu anayeziba paa kabla hajajua mvua itapigia wapi.

Wiki ya tatu nilitoroka.
Nikakaa kando ya barabara, nikala masuku
hadi ulimi ukakauka.
Hakuna aliyeniandika. Hakuna aliyenichapa.
Jioni nikaogopa:
kutoroka kunahitaji mtu wa kukutafuta.

Jaribio la kwanza: nne juu ya ishirini.
Nililifuata jina langu ukutani kwa kidole,
Musonda Chabu, nikatumaini kuna Musonda Chabu mwingine.
Asistanti akasema, bila ubaya wowote,
"Binti, kalilie nyumbani. Hapa kuna foleni."

Jumapili baba hupiga simu.
Unakula? Nakula.
Bukari na nini? Na sombe.
Unasoma? Nasoma.
Na huko umekuwa wa ngapi?
Mtandao ukakatika.
Mimi ndiye niliyeukata.

Halafu ile Alhamisi ya Novemba.
Joto, mabati yanalia, profesa yuko ukurasa wa arobaini,
na nje ya ukuta fundi wa matairi
akaigonga ringi ili mpira uachie.
Ngee.
Ngee.

Vichwa mia saba vikainuka.
Mvulana mmoja wa Kambove alikwisha simama, begi begani.
Jirani yangu alikuwa amefumba macho,
viganja pamoja, *Baba yetu* iko mdomoni.
Nami mguu wangu, naapa, ulishatoka nje.

Tulicheka mpaka profesa akavua miwani.
Ndiyo mara ya kwanza alitutazama.
"Kuna nini cha kuchekesha?"
Hakuna aliyeweza kumweleza kwa Kifaransa.

"Yenu ilikuwa ringi?" jirani akaninong'oneza.
"Sisi kipande cha reli."
Anaitwa Feza, wa Kasenga, naye alikuwa wa kwanza.
Akasogeza tofali lake, akachungulia daftari langu lenye mashimo.
Upande wake kipaza sauti humeza maneno mengine.
Akanipa yale aliyoyasikia, nikampa yangu.
*Sheria ni kanuni ambayo jamii* . . .
Hapo wote wawili hatukusikia.

Jaribio la pili: tisa.
Si kumi.
Leo ni Jumapili, simu iko juu ya sketi,
na nimeiacha wazi.